Nyuma Kwanza

Likitajwa tu jina, Ngumbao,
Kitsao hutema mate kando ya karai la Bi Rukiya,
na Bi Rukiya humkemea: hapa pana chakula.
Ndivyo kikao kinavyofunguliwa kila Jumamosi
hapa Barani, nyuma ya mashine ya kusaga unga,
miaka kumi na minne tangu tumfukuze.

Hakuwa mwizi. Afadhali angekuwa mwizi,
mwizi tungejua la kumfanya.
Alikuwa mtu wa bila kwa bila.
Mabeki watano, viungo watatu waliogeuzwa mabeki,
na mbele kijana mmoja, pekee,
akingoja mpira kama mtu anayengoja kulipwa deni.
"Nyuma kwanza!" Hilo tu, dakika tisini,
mikono mifukoni, kofia ya kampuni ya saruji.
"Nyuma kwanza, nyie!"
Hadi watoto wakaligeuza mchezo:
ukimtuma mtoto dukani, anakwenda kinyumenyume.

Mechi kumi na tisa, sare kumi na tatu.
Lali anazo zote kichwani
na hana hata moja anayoweza kuisimulia.

Kisha fainali, na Gongoni. Hapa kila mtu husimama.
Shee Mkizi benchi!
Shee, aliyempita beki hadi beki akaomba radhi,
Shee kakaa, kajifunika taulo,
na sisi tumekodi lori la mchanga, tumejipaka masizi,
Baya wa Karisa ameweka dau la mbuzi ambaye si wake.
Dakika ya themanini na nane. Kona, kichwa, wavu.
Tulifungwa nyuma. Nyuma ile ile.

Nani alirusha chupa ya kwanza?
Kitsao asema Lali. Lali asema upepo.
Mimi hunyamaza, huomba kachumbari.
Ilikuwa ya soda, bado ina robo,
ikampata hapa, juu ya sikio,
naye hakugeuka.
Aliokota koni zake za mazoezi moja moja,
akazihesabu, ikapungua moja,
akaitafuta, sisi tukizomea, mpaka akaiona,
akaondoka nazo.

Walikuja wengine baada yake.
Mmoja wa mashati yaliyonyooshwa, alicheka nasi.
Mmoja alituachia tushambulie tutakavyo,
tukafungwa sita, tukapiga makofi.
Majina yao? Muulize Lali. Hata Lali hana.
Uwanja wenyewe umekatwa viwanja,
palipokuwa lango la kusini pana choo cha mtu.
Klabu imebaki karai, benchi,
na huyu tunayemchukia kwa zamu
ili tuwe na sababu ya kuja.

Jambo moja sijawaambia.
Mwezi uliopita nilivuka Sabaki, hadi Mambrui,
nikitafuta bawaba na kitasa.
Duka la vyuma, na nyuma ya kaunta kofia ile,
saruji imefifia, limebaki gunia bila maandishi.
Juu ya sikio pana kipara kidogo, mviringo,
au ni macho yangu tu.
Hakunijua. Angenijuaje?
Nilikuwa mdomo mmoja katika mia nne,
na mkono mmoja.
Alihesabu misumari, mmoja mmoja, bila nyongeza.
"Mlango wa mbele au wa nyuma?"
"Wa mbele."
Akanitazama kwa masikitiko, muda mrefu,
kama sisi tulivyokuwa tukimtazama yeye.
"Na wa nyuma umeufunga?"

Nikalipa, nikaondoka bila chenji.
Jioni nikachukua bisibisi, nikazunguka nyumba.

Na Jumamosi, jina lilipotajwa, Kitsao akatema mate.
Nami nikatema, ila kidogo,
mbali na karai.